Wacha Dunia, Shughulikia Kifua Chako

Kila nikiweka video kuhusu moshi wa Nairobi, komenti ya kwanza huwa ile ile: "Buda, Kenya hatufiki hata asilimia moja ya kaboni ya dunia. Ambia Wamarekani na Wachina." Inapendwa na watu mia tatu. Ya pili huwa: "Si wewe uliacha chuo? Sayansi umetoa wapi?"

Nianze na ya pili juu ni rahisi. Ndiyo, niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo ilikataa. Nilichoacha ni chuo, kusoma sikuacha. Sasa turudi kwa ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inatumaliza.

Hesabu yako iko sawa. Tena umetuzidishia. Kenya haifiki hata asilimia 0.1 ya kaboni inayotokana na mafuta na makaa ya mawe duniani. Tukizima kila kitu leo usiku, kuanzia malori ya Mombasa Road hadi viwanda vya saruji vya Athi River, joto la dunia halitajua kama tuliwahi kuwepo. Hapo hatubishani.

Lakini nani alikuambia tunataka kupunguza moshi kwa ajili ya dunia?

Hapa ndipo naona tulichezwa. Miaka yote hii stori tumepewa kwa lugha ya mikutano. Tabianchi. Barafu inayeyuka. Dubu weupe. Mwaka 2050. Msee wa Kayole akisikia hivyo anajua hiyo si yake, anasonga mbele na maisha. Na ile asilimia 0.1 inakuwa kisingizio kitamu kwa kila mwenye bomba chafu hapa mjini: mwenye matatu, mwenye kiwanda, na serikali yenyewe ikitaka kukaa kimya. Wote wanajificha nyuma ya Mchina.

Sasa hebu tuangalie ekzosi ya gari la dizeli, ile inakupulizia ukiwa umesimama steji. Inatoa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni hewa ya kaboni dioksidi. Haina rangi, haina harufu, inapanda juu na nyingine inakaa huko mamia ya miaka, na haijali kama ilitoka Umoja au Texas. Hiyo ndiyo wanayohesabu kwa asilimia. Haikukohozi.

Cha pili ni masizi na gesi za sumu, oksidi za naitrojeni na sulfa. Hizi haziendi kwa Wamarekani. Masizi yanaelea siku chache, wiki moja au mbili, halafu yanaanguka au yananyeshewa. Maana yake yanabaki hapa hapa, na kichujio cha kwanza yanachokutana nacho ni pua yako. Zile chembe ndogo kabisa wataalamu wanaziita PM2.5, kwa sababu upana wake haufiki mikromita 2.5. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hiyo mara 30 hivi. Vinyweleo vya pua haviziwezi, makamasi hayaziwezi. Zinashuka mpaka mwisho wa pafu, kwa vile vifuko vidogo ambapo hewa inakutana na damu, na nyingine zinavuka zinaingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake. Unaleta mshtuko wa moyo, kiharusi, nimonia kwa watoto wadogo, watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo, na kansa. Moshi wa dizeli uliwekwa rasmi na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya WHO, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu mwaka 2012. Orodha moja na sigara.

WHO inasema hewa ya nje ikichanganywa na ya ndani ya nyumba inaua watu milioni 6.7 kabla ya wakati wao kila mwaka. Mwaka 2021 walishusha kiwango chao cha PM2.5 kutoka mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5, kwa sababu utafiti ulionyesha hata kidogo kinaumiza. Vipimo vya Nairobi vimekuwa vikizidi hiyo 5 mara kadhaa. Na hiyo ni wastani wa mji. Mtu haishi kwa wastani. Mtu anaishi kando ya barabara fulani.

Mathe wangu, kwa mfano. Anauza chapati na maharagwe kando ya Jogoo Road tangu nikiwa darasa la tatu. Saa kumi na moja asubuhi ameshawasha jiko la makaa. Mbele yake matatu zinanguruma zikingoja kujaa, dereva hazimi injini juu anaogopa haitawaka tena. Kwa hivyo mathe ana moshi miwili: ule anaouinamia na ule unaomjia usoni. Mwaka jana alikohoa miezi mitatu. Kwa kliniki moja ya mtaa daktari akamuuliza anavuta sigara pakiti ngapi kwa siku. Mathe alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Huyo mama hajawahi kugusa sigara. Nilipomwambia afikirie kuhama pale, aliniangalia tu. "Mwanangu, moshi haukuanza leo. Na landlodi haulizi habari ya kifua."

Sasa nieleze, kaboni ya mathe ni ngapi? Hana gari. Hajawahi kupanda ndege. Nguo ni za mitumba. Lakini bili anayolipa kwa mapafu ni kubwa kuliko ya yule anayepita juu ya Expressway na madirisha yamefungwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, amelipia njia yake na hewa yake. Asilimia 40 hivi ya safari za Nairobi ni za miguu. Hao ndio wanatembea chini. Ukisema "Kenya hatuchafui," unamsemea nani?

Kuna mtoi wa London alikuwa anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alikuwa anaishi Lewisham, karibu na barabara yenye magari mengi sana inaitwa South Circular. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitali karibu mara 30 kwa miaka mitatu, akafa Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake alipigana miaka mpaka uchunguzi ukafunguliwa upya, na Desemba 2020 ikaamuliwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Mimi sijawahi kuona cheti cha kifo hapa kwetu kilichoandika moshi wa matatu. Tunaandika nimonia, tunaandika moyo, tunachanga pesa za jeneza, tunarudi steji.

Najua wengine mmeshachoka, mnasema sawa, lakini hewa ya mji haiwezi kubadilika, hiyo ni ndoto. Hapo sasa mnadanganywa kabisa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya stori ya kaboni ambayo hatuelezwi. Kaboni dioksidi ukiipunguza leo, dunia inachukua miaka mingi kuhisi. Ukizima kitu kile kile kinachotoa masizi, kifua kinahisi wiki hiyo hiyo.

Mchina mnayemtaja kila siku, tumwangalie. Beijing mwaka 2013 ilikuwa na wastani wa PM2.5 wa mikrogramu 89.5. Watu walikuwa wanavaa barakoa kabla Korona haijajulikana. Wakazima vyombo vya kupashia nyumba joto vinavyochoma makaa ya mawe, wakafukuza viwanda, wakabadilisha mabasi, na mwaka 2017 wakafunga kituo cha mwisho kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe ndani ya mji. Kufikia 2021 wastani ulikuwa 33. Bado ni chafu, bado ni zaidi ya mara sita ya kile WHO inataka. Lakini ni miaka minane tu! Na angalia kitu cha maana hapo: China yote kwa jumla haikupunguza kaboni miaka hiyo, iliongeza. Ni mji ulizima moto wake, na mji ukapumua. Hakuna mtu wa Beijing aliyengoja kwanza Mmarekani aanze.

Hata kabla ya hapo, Olimpiki ya 2008, serikali yao iliondoa magari barabarani na kufunga viwanda kwa wiki chache ili wageni wasione aibu. Baadaye watafiti wakapima watoto waliozaliwa. Wale ambao mwezi wa nane wa mimba ulianguka kipindi hicho walikuwa wazito kwa gramu 23 kwa wastani kuliko wa 2007 na 2009. Gramu 23 utasema ni kijiko cha sukari. Sawa, lakini ni kwa wiki chache tu za hewa safi, na walikuwa bado tumboni.

Dublin nao, Ireland, walipiga marufuku kuuza makaa ya mawe yenye moshi mwaka 1990. Moshi mweusi ulishuka kwa asilimia 70 hivi, na vifo vya magonjwa ya kifua vikashuka. Sheria moja, kitu kimoja, mji mmoja.

Na msisahau 2020 hapa kwetu. Mwezi wa nne, magari yamepungua, kafyu iko, mtu akapiga picha ya majengo ya Nairobi na Mlima Kenya umesimama nyuma yake wazi kabisa. Wakenya tulifanya nini? Tulimtukana. Ati ni picha ya kubandikwa. Watu walizaliwa hapa, wakasomea hapa, na walipoonyeshwa mlima wa nchi yao wakasema ni uongo. (Ni kweli asubuhi fulani zenye hewa kavu unaonekana hata siku za kawaida, wazee wa zamani walituambia hivyo. Lakini hiyo ndiyo inaniuma: wazee walikuwa wanauona, sisi tunaomba ushahidi.)

Sasa, kuna mtego, na lazima niuseme juu watu wa mazingira huwa hawaupendi. Si kila kupunguza kaboni kunasafisha hewa. Ulaya waliwahi kuingia mtego huu mzima mzima. Kuanzia miaka ya tisini walisukuma watu wanunue magari ya dizeli, kwa sababu dizeli hutoa kaboni dioksidi kidogo kwa kila kilomita kuliko petroli. Kwa karatasi, safi. Barabarani, miji ikajaa gesi za naitrojeni. Halafu Septemba 2015 Volkswagen ikashikwa: ilikuwa imeweka programu ndani ya magari milioni 11 hivi ya kudanganya vipimo vya moshi. Gari likijua linapimwa, linajifanya malaika. Likirudi barabarani, shetani.

Ndiyo maana mtu akija na tabasamu kuniambia mradi wake "umeokoa tani fulani za kaboni," mimi namuuliza: wapi, na nani anapumua vizuri?

Septemba 2023 tulikuwa wenyeji wa mkutano mkubwa wa Afrika wa tabianchi pale KICC. Rais alifika akiendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme, mkakumbuka, tulicheka sana mtandaoni. Kilichozungumzwa sana ndani ni soko la kaboni. Yaani hivi: wewe ukipunguza moshi Afrika, unapewa hati, kampuni ya ng'ambo inainunua hiyo hati, inaendelea kutoa moshi wake kule, na kwa vitabu inahesabiwa kuwa imepunguza. Kampuni za Emirati ziliahidi kununua hati za dola milioni 450. Makofi.

Hati nyingi hapa kwetu zinatoka kwa majiko. Unapewa jiko "bora" linalotumia makaa machache, na yale makaa ambayo hukuyachoma yanauzwa kama kaboni. Wazo si baya. Lakini Januari 2024 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hesabu zao: kwa miradi waliyochunguza, hati zilizotolewa zilikuwa mara 9 hivi ya kaboni iliyookolewa kweli. Na kuhusu kifua? Malawi walifanya jaribio kubwa, watoto zaidi ya elfu kumi, nusu ya vijiji wakapewa majiko bora yanayochoma kuni vizuri zaidi, wengine wakabaki na moto wa mafiga. Matokeo yalitoka 2016: nimonia kwa watoto haikupungua. Kwa nini? Maelezo moja ni kwamba moshi ukitoka kwa mwingi sana ukawa mwingi tu, pafu la mtoto halioni tofauti. Kaboni ikiokolewa nusu, umeokoa nusu. Lakini moshi si hivyo. Lazima uushushe kabisa.

Kwa hivyo mtu anauza hati, mtu ananunua hati, mama bado anakohoa. Hiyo biashara mimi siitaki ihesabiwe kama msaada.

Tukifika kwa jikoni ndipo hasira yangu inapanda zaidi, kwa sababu hapo hakuna Mchina wala Mmarekani wa kulaumu. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya familia za Kenya zinapika kwa kuni, na gesi ni kama robo tu. Ndani ya mitaa yetu ni makaa na mafuta taa. Keja ya mabati ya futi kumi kwa kumi, stovu ya mafuta taa iko karibu na kitanda, dirisha moja, mtoto amelala. Gesi haisemekani ni takatifu, ni mafuta ya ardhini pia na ina kaboni yake. Lakini masizi yake ni karibu hakuna ukilinganisha na makaa, na makaa yenyewe yamekata mti na yamechomwa mara mbili, porini na jikoni.

Serikali ilifanya nini? Julai 2021 iliweka VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia. Asilimia kumi na sita! Watu walirudi kwa makaa na wengine kwa mafuta taa. Miezi minne baadaye viongozi wetu walikuwa Glasgow kwa mkutano wa tabianchi, wakihutubia dunia. 2022 wakaishusha hadi 8, 2023 ndio wakaiondoa. Miaka miwili. Kabla ya hapo kulikuwa na ule mradi wa mitungi ya bei nafuu wa 2016, Mwananchi Gas, ambao mitungi mingi ilikutwa mibovu ukazama. Hizi ndizo sera za tabianchi za kweli za nchi hii, si zile hotuba. Bei ya kujaza mtungi wa kilo sita inaamua PM2.5 ya Mukuru kuliko mkutano wowote. Sai kuna wale wanauza gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ya ishirini, ya hamsini, kama vile mtu ananunua mafuta taa kwa chupa. Hiyo ndiyo akili. Mtu hakosi gesi kwa sababu hajui moshi ni mbaya. Anakosa kwa sababu hana elfu moja na ushee kwa mpigo.

Na barabarani? Hapo Kenya tumebahatika kitu ambacho nchi nyingi hazina na tunakichezea. Umeme wetu, asilimia 90 hivi ni safi: mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Loiyangalani. Afrika Kusini ukichaji gari la umeme, kwa kiasi kikubwa unalichaji kwa makaa ya mawe. Hapa boda ya umeme inachajiwa na mvuke wa Naivasha. Haina ekzosi kabisa. Kila boda inayobadilishwa ni kaboni imepungua, na ni kifua cha mwenye boda mwenyewe kimepona, juu huyo ndiye anashinda kwenye moshi masaa kumi na mbili kwa siku. Mabasi ya umeme yalianza kujaribiwa Nairobi Machi 2022 na BasiGo. Ukisimama nyuma ya moja kwa foleni ndio unajua ulikuwa unaishi vipi.

Lakini mengine yote bado ni dizeli kuukuu. Mwaka 2015 Kenya na majirani walishusha sulfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua nzuri, siikatai. Mafuta yakasafishwa, injini zikabaki zile zile. Gari linaruhusiwa kuingia nchini likiwa na miaka isiyozidi 8, lakini likishaingia linaweza kula lami miaka mingine ishirini. Kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi kina madini ya bei, fundi anakitoa, kinauzwa, bomba linawekwa wazi, gari linanguruma vizuri na mwenyewe anafurahi. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014. Nimeona karao wakisimamisha matatu kwa kila sababu chini ya jua. Kwa sababu ya moshi, bado sijaona.

Wenye matatu watanijia hapa, nawajua, mnanijua. "Tutakula nini?" Swali halali. Sijasema mlale njaa. Nasema mkopo wa basi la umeme uwe rahisi kuliko mkopo wa nganya yenye spika kumi na mbili, na hiyo ni kazi ya Hazina na benki, si ya makanga. Mnapokataa hata kupimwa moshi, hapo ndipo tunakosana. Abiria wenu ni mathe zenu.

Na wale mnasema mambo haya hayashindiki Kenya, mmesahau Lamu. Walitaka kujengewa kituo cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kando ya bahari. Pesa zilikuwepo, kampuni ilikuwepo, serikali ilikuwa nyuma yake. Wavuvi, akina mama na vijana wa pale wakaenda kwa mahakama ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Hawakuenda kuongea habari ya dubu weupe. Waliongea kuhusu samaki wao, vifua vya watoto wao, na kwamba hawakuulizwa. Kaboni nyingi sana ilizuiwa pale, na ilizuiwa na watu waliokuwa wanajitetea wenyewe.

Silaha ya kujitetea iko kwa Katiba yako. Kifungu cha 42: una haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 ndicho kitamu zaidi, na sijui kwa nini hatufundishwi shuleni: unaweza kwenda kortini kuhusu hiyo haki bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia tayari. Huhitaji kungoja cheti cha kifo. Huhitaji kuleta pafu la mathe yako mbele ya jaji.

Kwa hivyo nikiulizwa nataka nini, si mengi. Gesi isiguswe tena na kodi, na Bunge likijaribu, tukutane barabarani kama 2024. Matatu na malori zipimwe moshi, na kipimo kibandikwe kwa kioo mahali abiria anaona, kama vile bima. Hewa ya kila mtaa ipimwe na nambari ziwekwe wazi kila siku, Eastlands kwanza, si Gigiri ambapo Umoja wa Mataifa una makao makuu ya mazingira ya dunia nzima na miti ya kutosha. Dandora ilitangazwa imejaa mwaka 2001, na takataka bado zinaungua pale wakati huu unaposoma; methani inapanda kwa dunia, moshi unabaki Korogocho. UNEP yenyewe ilishachapisha 2007 kwamba nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na pale walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiasi. Kutoka hapo hadi Gigiri unaweza kwenda na boda.

Kaunti ikiita kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, mimi nitakuwepo, na nitairusha moja kwa moja mtandaoni. Mje au mtazame. Swali langu nimeshaliandika kwa simu: zile laini nyekundu zilizopakwa Thika Road tukaambiwa ni za mabasi ya kasi, rangi imeshafifia. Mabasi yako wapi?